Mpangaji na Mnyama Wake: Hesabu ya Mwenye Nyumba wa Mambrui

Nyumba za kupanga za Mambrui, katika Kaunti ya Kilifi pwani ya Kenya, zinatafutwa na watu wa kila aina. Yuko mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, muuguzi, mfanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, Muitaliano anayekaa miezi ya kaskazi kisha akarudi kwao, na vijana wanaofuata upepo kwa mchezo wa kuteleza mawimbini kwa tiara. Wengine huja na mnyama: paka ndani ya kikapu, mbwa kwenye kamba, kuku watatu ndani ya tenga. Mwenye nyumba hutakiwa jibu hapo hapo, ufunguo ukiwa mkononi.

Wengi hujibu kwa moyo. Anayependa paka hukubali bila kuuliza lolote, na asiyetaka mbwa hufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Majibu yote mawili yanaweza kumtia hasara. Jibu la haki kwake, kwa mpangaji na kwa jirani linapatikana kwa kutazama vitu vitatu: sakafu ya nyumba, ua wake, na watu wanaoishi ukuta kwa ukuta nayo. Tuvilinganishe, kisha tuingie kwenye shilingi.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya jambo hili huamuliwa na mkataba. Hali ni tofauti kwingineko, na tofauti hiyo inafika hadi Mambrui pamoja na wageni. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 9 Julai 1970, kifungu cha kumkataza mpangaji wa makazi kufuga mnyama wa nyumbani ni batili, isipokuwa kwa nyumba za likizo na mbwa wa aina hatari. Italia ilipitisha sheria namba 220 ya mwaka 2012 inayozuia kanuni za majengo yenye wamiliki wengi kupiga marufuku wanyama wa nyumbani. Mgeni aliyezoea hayo anaweza kudhani kwamba mkataba usiotaja mnyama umeruhusu mnyama. Mwenye nyumba wa hapa naye hudhani kwamba usiotaja umekataza. Ugomvi huzaliwa katikati ya dhana hizo mbili, kwa hiyo liandikwe kabla ya ufunguo kutoka.

Kuna jambo jingine kwa wanaopangisha chumba kimoja kimoja. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa makazi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa namna hiyo hafukuzwi kwa sababu mwenye nyumba amechoka na paka wake. Ni lazima baraza la kodi liamuru, na liridhike kwamba amevunja sharti la upangaji au amekuwa kero kwa majirani. Sharti ambalo halikuandikwa ni kazi ngumu kuthibitisha kwamba limevunjwa.

Nyumba tatu, majibu matatu

*Nyumba ya Kiswahili ya vyumba.* Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani penye jiko, maji na choo cha pamoja. Hapa mbwa hana pake. Sababu ya kwanza ni ya dini, na katika mji kama Mambrui sababu hiyo ina uzito wa gharama kamili. Waislamu wa pwani hii wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate na unyevunyevu wa mbwa kuwa najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayetoka uani kutawadha hupita ukumbi ule ule aliopita mbwa mwenye miguu mibichi, na vyombo vinavyooshwa chini hulambwa mtu akigeuka tu. Kumruhusu mpangaji mmoja ni kuwatwisha wapangaji watano kazi ambayo hawakuikubali. Watahama, na watakuwa na haki.

Paka ni habari nyingine. Mafundisho ya Mtume kuhusu paka yanajulikana na kila mtoto wa chuo: si najisi, ni katika wale wanaozungukazunguka kwetu. Katika nyumba ya makuti na boriti paka hufanya kazi ya maana, maana panya hupenda makuti, na panya mmoja hula unga, nguo na nyaya za umeme. Paka mmoja aliyehasiwa ni faida kwa nyumba nzima. Paka jike asiyehasiwa, ndani ya mwaka mmoja, ni paka wa mtaa mzima.

*Nyumba za kisasa za safu au za ghorofa.* Kila mpangaji ana mlango wake, choo chake na taili chini, lakini ukuta ni mmoja na ngazi ni moja. Paka anakaa vizuri ikiwa madirisha yana wavu imara na mwenyewe anabadilisha mchanga wa choo chake kila siku. Mbwa anayefungiwa chumbani kutwa, mwenyewe yuko kazini, hubweka na kukwaruza mlango, na jirani anayelala mchana baada ya zamu ya usiku hatavumilia. Kuku wakatazwe kabisa hapa. Jogoo hajui saa za wapangaji, na kinyesi kwenye ngazi hakina mwenyewe.

*Nyumba yenye ua wake, karibu na ufuo.* Hapa mbwa ana nafasi na ana kazi. Ukuta mrefu, uwanja wa mchanga, askari mmoja usiku: mbwa anayebweka ni msaada wa kweli. Hata kwa mwenye nyumba anayeshika dini kuna njia. Hadithi zimemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wa Shafi, Imam Nawawi akiwa mmoja wao, wamempima mbwa wa kulinda nyumba kwa kipimo hicho hicho. Sharti linalofaa ni kwamba mbwa alale nje, kwenye banda lake, asiingie vyumbani wala jikoni. Sharti hilo linalinda tohara ya nyumba na linalinda samani kwa wakati mmoja, na kwa hiyo lina faida hata kwa mwenye nyumba ambaye suala la tohara halimhusu.

Tazama sakafu na ukuta kabla ya mnyama

Sakafu ya udongo au ya mchanga isipokee mnyama yeyote wa kulala ndani. Sababu ni funza. Mdudu huyu hukulia kwenye vumbi na mchanga mkavu. Mayai yake huanguka chini, mabuu huishi humo, kisha funza mzima huingia kwenye nyayo za mtu. Mbwa, paka, mbuzi na nguruwe humbeba na kumsambaza. Kaunti ya Kilifi inamjua adui huyu vizuri, na wanaoumia zaidi ni watoto na wazee. Sakafu ya simiti isiyo na nyufa, inayofagiwa na kupigwa deki, humnyima mahali pa kukulia. Mwenye nyumba anayetaka kupokea wanyama aanze na simiti, na akisakafu atakuwa amewafaidi hata wapangaji wasiofuga.

Ukuta nao una tabia yake. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji, na mkojo wa paka dume ukiingia ndani ya chokaa hautoki kwa kufuta. Harufu hupungua wakati wa jua, ikarudi masika hewa ikijaa unyevu. Usijaribu kuziba kwa rangi ya mafuta, kwa sababu ukuta wa chokaa unahitaji kupumua, na rangi hiyo hushika maji ndani mpaka plasta ikabanduka. Ukuta wa plasta ya simiti ndio unaofaa kupakwa rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno, ukaoshwa kwa sabuni. Kwa hiyo nyumba ya matumbawe inafaa paka aliyehasiwa tu, tena mmoja, na isimpokee paka dume ambaye hajahasiwa.

Samani ni swali la tatu. Nyumba tupu haina cha kukwaruzwa zaidi ya milango na nyavu za mbu. Nyumba iliyojaa sofa, magodoro na mapazia, kama zile za wageni wa muda mfupi, inaweza kupoteza mengi kwa usiku mmoja. Kwa nyumba ya wageni wa siku chache jibu rahisi ni kukataa: hakuna muda wa kumjua mnyama wala wa kufukuza viroboto kabla mgeni mwingine hajafika.

Chanjo haina mjadala

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, mgonjwa kwa kawaida haponi. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Nyumba moja haiwezi kutimiza lengo la taifa, lakini inaweza kukataa kuwa pengo ndani yake.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mbwa au paka ni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kutoka kwa daktari wa mifugo, kinachorudiwa kila mwaka, na nakala yake akae nayo mwenye nyumba. Asiye na cheti aende Malindi akachanje kwanza, ndipo aje tuandikiane. Kila mpangaji ajue pia la kufanya mtu akiumwa: kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, hata kama mnyama anaonekana mzima.

Hesabu ya shilingi

Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kila mwezi inaokaa tupu, hizo 20,000 zimepotea. Ukimkataa leo mwenye paka aliye tayari kulipa, kisha nyumba ikakaa miezi miwili, umetoa 40,000 ili kumkwepa paka mmoja. Upande wa pili wa mizani weka bei ya fundi. Mwite kabla ya kuamua, mzunguke naye nyumba, akupe bei ya kubadilisha wavu wa madirisha yote, kupaka upya chumba kimoja, kutengeneza mlango mmoja na kupuliza dawa ya viroboto na kupe. Ikiwa jumla haifiki kodi ya miezi miwili, kukataa ndiko kunakokugharimu zaidi. Ikiwa inapita, kwa sababu ya samani au ukuta wa matumbawe, kataa bila wasiwasi.

Ukikubali, kuna njia tatu za kujikinga, na hazilingani.

Ya kwanza ni dipoziti ya ziada inayorudishwa, tuseme nusu ya kodi ya mwezi, yaani 10,000 katika mfano wetu. Hii ndiyo bora. Mpangaji ana sababu ya kutunza nyumba kwa kuwa pesa ni zake, na wewe una kitu mkononi.

Ya pili ni ada ya usafi isiyorudishwa. Ni rahisi kukusanya, lakini mpangaji akishailipa huona ameshalipia uharibifu wote, na hajali tena.

Ya tatu ni kuongeza kodi, tuseme 1,000 kila mwezi. Inapendeza machoni, 12,000 kwa mwaka, ila ina mtego wa ushuru. Kuanzia Januari 2024 ushuru wa mapato ya kodi za makazi ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyopokelewa, kwa mkaazi wa Kenya ambaye mapato yake ya nyumba yanazidi 288,000 na hayavuki milioni 15 kwa mwaka. Fikiria mama mwenye nyumba moja ya 23,500 kwa mwezi na asiye na mapato mengine. Kwa mwaka anapata 282,000, chini ya mpaka. Akiongeza 1,000 ya mnyama, anafika 294,000. Asilimia 7.5 ya hiyo ni 22,050. Ameongeza 12,000 akatozwa 22,050. Anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) aondolewe kwenye utaratibu huo na kutozwa kwa hesabu ya kawaida ya mwaka, lakini hiyo ni kazi ya makaratasi ambayo dipoziti isingemletea, maana dipoziti inayorudishwa ni pesa ya mpangaji.

Utaratibu huo wa asilimia 7.5 una jambo jingine la kukumbuka: haupunguzi gharama. Rangi, wavu na fundi unavilipa wewe, na ushuru unahesabiwa kana kwamba hukulipa kitu. Ndiyo maana uharibifu wa mnyama lazima ulipwe na dipoziti, usilipwe na kodi.

Uharibifu ukizidi dipoziti na mpangaji akakataa kulipa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Utakachohitaji ni mkataba, picha za kila chumba zilizopigwa siku ya kuingia mbele ya mpangaji, na risiti za fundi.

Siku ya kuondoka

Hapa ndipo Mambrui inapoumia, na mikataba mingi haisemi neno. Mpangaji huondoka, mnyama hubaki. Mwalimu anapata uhamisho wa ghafla, hana nafasi ya paka kwenye basi. Mgeni wa kaskazi anaokota mtoto wa mbwa ufuoni mwezi wa Desemba, anamlisha, anampa jina, kisha Machi anagundua kwamba hawezi kuruka naye.

Sababu iko kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya. Mbwa au paka anayetoka Kenya lazima awekwe kitambulisho cha kielektroniki chini ya ngozi na achanjwe kichaa cha mbwa. Angalau siku 30 baadaye atolewe damu ipimwe kama kinga yake imefika kiwango, kisha asubiri miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Jumla ni miezi minne au zaidi, hata kama mambo yote yameenda sawa. Mnyama aliyepimwa huko Ulaya kabla ya safari, na ambaye chanjo yake haijakatika, hasubiri miezi hiyo. Mtoto wa mbwa aliyeokotwa Desemba hana njia ya kuondoka Machi.

Mbwa wa namna hii huachwa kwa askari au mtunza bustani, ambaye mshahara wake hauna fungu la chakula cha mbwa. Baada ya muda anazurura ufuoni na wenzake, hana chanjo, na mtu mmoja anafikia uamuzi wa sumu. Sumu ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaufanya kuwa kosa la jinai. Aliyestahili kuzuia yote hayo ni mwenye nyumba, miezi mingi kabla, kwa swali moja: ukiondoka, mnyama huyu ataenda kwa nani? Jibu liwe na jina la mtu, namba yake ya simu na sahihi yake. Mpangaji asiye na mtu wa kumtaja hajawa tayari kufuga, na nyumba yako isiwe mahali pa kujifunzia.

Yaandikwe haya

Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili au kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa.

Taja mnyama mwenyewe: aina, idadi, rangi na jina, picha ikibandikwa. "Wanyama wanaruhusiwa" ni sentensi ya kutafuta balaa, kwa kuwa kuku, mbuzi na punda ni wanyama pia. Watoto wa mnyama wasihesabike kuwa wameruhusiwa.

Eleza mahali anapolala na mahali asipofika: jikoni, kisimani, kwenye tangi la maji, ukumbi wa pamoja.

Ambatisha cheti cha chanjo, na kwa paka cheti cha kuhasiwa.

Andika kiasi cha dipoziti, kinachoweza kukatwa humo, na siku ambayo kinachobaki kitarudishwa.

Andika kwamba mwenye mnyama ndiye atakayebeba gharama ya mtu yeyote atakayeumwa au mali itakayoharibiwa.

Andika jina la atakayemchukua mnyama siku ya kuhama.

Kwa mpangaji anayesoma haya, nawe una kazi yako. Usimfiche mnyama. Nenda kuonana na mwenye nyumba ukiwa na cheti cha chanjo mkononi na namba ya mwenye nyumba wako wa zamani anayeweza kukushuhudia. Toa mwenyewe wazo la dipoziti kabla hujaombwa. Na ukitaka chumba katika nyumba ya pamoja, pita kwanza kwa wapangaji wenzako uwasalimie na kuwauliza, maana mwenye nyumba anaweza kukukubalia nao wakakushinda.

Uamuzi wetu

Nyumba ya Kiswahili ya vyumba: paka mmoja aliyehasiwa, ndiyo, kama sakafu ni ya simiti na wapangaji wengine wameridhia. Mbwa hapana. Kuku wawe kwenye banda uani, kwa makubaliano ya wote, au wasiwepo.

Nyumba ya safu au ghorofa: paka ndiyo, kwa dipoziti na wavu imara. Mbwa na kuku hapana.

Nyumba yenye ua wake: paka ndiyo, na mbwa ndiyo kwa sharti la kulala nje, chanjo ya kila mwaka na mtu aliyeandikwa wa kumpokea.

Nyumba ya wageni wa siku chache, na chumba chenye sakafu ya udongo: hapana kwa wote, ya kwanza mpaka itakapopangishwa kwa muda mrefu, ya pili mpaka isakafiwe.

Mwenye nyumba akiwa na jibu hili tayari, limeandikwa, hatatakiwa kuamua mlangoni mbele ya mtu mwenye kikapu. Atampa karatasi asome, na mpangaji mwema ataisoma mpaka mwisho.